Mkaguzi wa Pili

Kaka yangu Dayib alikuwa akilipwa kukadiria jinsi watu wazuri wanavyokosea. Alikulia Garissa, akasomea uhandisi hapa Birmingham, na kwa miaka kumi na minne aliketi nyuma ya wafanyakazi wa vituo vya umeme wa nyuklia akiwatazama mikono. Kisha aliandika: katika mara elfu, mtu huyu atafungua vali isiyotakiwa mara tatu.

"Hayo anayajua Mungu peke yake," Mama alikuwa akimwambia.

"Kweli, Mama. Mimi nakisia tu."

Kilichomsumbua zaidi ni mkaguzi wa pili. Kazi ya hatari hufanywa na mmoja, ikakaguliwa na mwingine. Lakini huyo mwingine akimheshimu mno wa kwanza, alisema, hapo pana mtu mmoja tu.

Alipoanza kuugua moyo, mimi na Mama tulihamia kwake, mtaa wa Sparkhill. Kila Ijumaa baada ya sala alipanga vidonge vya wiki nzima kwenye kisanduku, akanisogezea.

"Nimo mdogo wangu, kagua."

"Viko sawa."

"Hujafungua hata kifuniko!"

"Kaka, mimi niliyeishia kidato cha nne nikukague wewe?"

"Basi hunikagui. Unaniitikia amina tu." Tukacheka.

Alifariki Jumanne asubuhi. Alhamisi, nikikusanya dawa zake, nilifungua kile kisanduku. Katika nafasi mbili zilizobaki, za Jumatano na Alhamisi, mlikuwa na vidonge viwili viwili vya presha, na cha moyo hakikuwamo. Vyote ni vyeupe, vidogo.

"Siku yake ilifika," Mama alisema. "Ukisema, serikali itauzuia mwili. Kesho hatumziki."

Naamini siku yake iliandikwa. Je, na uvivu wangu uliandikwa? Dayib asingeuliza nani kakosa, angeuliza kwa nini vidonge vifanane. Nikiwaza hivyo napata nafuu, kisha naionea haya nafuu yenyewe. Naanza kumsomea Fatiha, nasahau nimefika wapi.

Mchana ule afisa wa uchunguzi wa vifo alipiga simu. Je, Dayib alikuwa akimeza dawa zake vizuri? Mama alinikazia macho.

"Alizipanga yeye," nikasema. "Mimi nilipaswa kukagua. Sikukagua. Zilizobaki zimepangwa vibaya."

Aliniomba majina ya dawa. Niliyasoma herufi kwa herufi, nikarudia.

"Wamesemaje?" Mama akauliza.

"Kesho hatumziki."

"Sasa roho yako imetulia?"

"Sijui, Mama. Wallahi sijui."