Saa Nzima na Dakika Tatu

"Bibi, mke wangu ameongea na mwanaume saa nzima na dakika tatu, simu yenyewe imeandika."

Mjukuu wangu alinijia na simu hiyo hapa Kitaya, mpakani na Msumbiji, talaka iko mdomoni.

Nikamwambia, "Mimi kusoma sijui, ila mkeo nilikuwa naye jikoni. Kapokea ndo kabandika maji ya ugali. Kakata, maji hata hayajachemka."

Tukaenda kwa fundi simu. Akasema simu ilikuwa imeshika mtandao wa Msumbiji, ambako saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, katikati ya maongezi ikarudi wa kwetu, saa ikaruka mbele saa nzima. Programu ya simu haikuhesabu muda unavyopita, ilichungulia saa mwanzo na mwisho tu, ikatoa moja kwenye nyingine.

Nimeduwaa mpaka leo. Ndoa ya watoto wawili nusura ivunjike, jamani.

Ukiwaona wanaotengeneza hizo programu, waambie wahesabu muda kama wa sufuria, tangu ilipobandikwa.