Siku Niliyomwongoza Kaka

Kaka yangu ni mwenyekiti wa kitongoji hapa Nambis, na kwa miaka saba amelima shamba ambalo baba aliniachia mimi. Hoja yake ni moja tu: sioni, kwa hiyo siwezi kulima. Mimi huyohuyo ndiye ninayemchambulia maharage kwa vidole, na hajawahi kutafuna jiwe.

Mwaka jana walimu na wanafunzi wa chuo kikuu walikuja kufundisha kijiji jinsi ya kuishi na sisi wenye ulemavu. Walianza na semina ndefu, watu wakapiga miayo. Kisha wakaagiza kila kiongozi afungwe kitambaa machoni, aongozwe na mtu asiyeona kutoka ofisi ya kijiji hadi bombani. Cha kaka nilikifunga mwenyewe, nikakikaza.

Hatukufika mbali, kaka akasikia mtu amesimama pembeni kutupisha. Kwa kuogopa kumpita mzee bila salamu, akatoa shikamoo kwa adabu zote. Kumbe ni mkwe wake, mke wa mtoto wake mkubwa, na ndoo yake kichwani. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Nilimpa pole, ila huruma sikuwa nayo.

Nikampitisha njia ya juu. Kwenye mpaka wa shamba langu nikasimama, nikaachia mkono wake. Upande ule kuna korongo lenye kina; liko mbali na pale, hatua kama hamsini, lakini yeye angejuaje?

Nikamwuliza tuko shambani kwa nani. Akapapasa hewani akitafuta mkono wangu. Nikamwambia nimesahau kidogo kama korongo liko kulia au kushoto.

"Kwako," akasema haraka. "Shamba ni lako, dada. Nishike mkono."

Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa akitufuata na kundi zima, alisema kwa sauti kwamba amesikia. Mwalimu wa chuo naye akaandika kwenye daftari lake, sijui aliandika nini.

Nilidhani kaka atavua kitambaa kwa hasira. Hakukigusa. Aliinama karibu na sikio langu.

"Ungeniacha hapa kweli?"

Nikamwambia hapana.

"Mimi nilikuacha," akasema.

Nilikuwa na utani mwingine tayari mdomoni, nikaumeza. Nilimshika mkono tukaendelea kwenda bombani, na mimi ndiye niliyekuwa nalia.