Trafiki wa Njia ya Ng'ombe

Usiniambie nilikuwa nimekunywa. Mimi na pombe tuliachana zamani, na isitoshe siku hiyo nilikuwa na mke wangu nyuma ya pikipiki. Haya yalitupata mchana, saa kumi kasoro, si usiku wa manane kama hadithi za watu wengine. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, umalize, halafu unisikilize.

Mimi ni bodaboda huku milimani juu ya Mbeya. Nabeba viazi, nabeba watu, na njia zangu nyingi ni vijia vya ng'ombe ambavyo gari halipiti. Helmeti ninayo, ila wakati ule ilikuwa inakaa kwenye tangi. Ukikaribia lami unaivaa, ukiiacha lami unaivua. Kijiweni tulikuwa na msemo wetu: helmeti ni ya trafiki. Na porini kuna trafiki gani?

Jumapili hiyo tulikuwa tunatoka kwa mama mkwe. Ukungu umeshuka, ule unaokulowesha bila mvua. Mteremko mkali, na mimi kwa ubahili wangu nimezima injini, pikipiki inaserereka yenyewe ili nibane petroli. Sisi tunaita kushuka na frii. Mke wangu, Tumaini, akanipiga mgongoni. "Wewe mwanaume, washa pikipiki!" Nikamwambia njia hii naijua kuliko mama yake anavyoijua.

Mara namwona trafiki. Nguo nyeupe pee, amesimama katikati ya kijia, ameinua mkono. Nikabana breki mpaka tukayumba. Hebu jiulize na wewe, trafiki anatafuta nini kwenye njia ya ng'ombe?

"Shikamoo, afande." Hakuitikia.

"Umepakia mshikaki," akasema.

Mshikaki, kwa asiyejua lugha yetu, ni kupakia abiria zaidi ya mmoja. Nikamwambia, "Hapana, afande, ni mimi na mke wangu tu."

"Nyuma wapo wawili."

Niligeuka haraka. Tumaini peke yake, amejifunika khanga mpaka usoni kwa baridi. Nywele zilinisimama. Nikatazama chini, na Mungu ni shahidi yangu, viatu vya yule mtu vilikuwa vinang'aa. Tope la mlima ule linakushika mpaka magotini, yeye hana hata tone.

"Mvishe helmeti."

Nikaitoa kwenye tangi, nikampa Tumaini kwa nyuma, nikarudisha mikono yote miwili kwenye usukani, maana mteremko ulikuwa unatuvuta. Nikasikia kamba ya kidevuni inabanwa. Nilipotazama mbele tena, palikuwa na ukungu mtupu.

Unadhani niliwasha injini? Wapi! Niliogopa, nikaachia breki ili tuondoke pale upesi. Hatukufika mbali. Mvua ilikuwa imekata kijia, tairi la mbele likazama kwenye mfereji, tukarushwa. Mimi nikaangukia sikio. Tumaini aliangukia jiwe kwa kisogo, helmeti ikapasuka. Akainuka, akaanza kunitukana. Sijawahi kufurahia matusi kama siku ile.

Kule zahanati nesi alimpima kila kitu, kisha akaniita ndani. "Baba, mama ana ujauzito wa miezi miwili. Mlikuwa mnajua?"

Hatukujua. Miaka sita ya ndoa tulikuwa tunaomba mtoto, na mimi nimembeba kichwa wazi kwa ajili ya kibaba cha petroli. Nilikaa sakafuni nikalia mbele ya wagonjwa.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza Tumaini kama alimwona yule afande. Akasema alikuwa amefunika uso, alinisikia mimi tu nikiongea. Halafu akaniuliza, "Na uliponifunga ile kamba, mbona mikono yako ilikuwa ya baridi vile?"

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Binti yetu sasa ana miaka mitatu. Sikio langu la kushoto halisikii kitu tangu siku ile, na ukungu ukishuka sipiti njia hiyo hata unipe shamba.

Vijana wa kijiweni nikiwaeleza wanacheka. Mmoja wao, mcheshi kuliko wote, alikuwa ananipigia saluti kila akiniona. Mwezi uliopita alishuka mteremko uleule na frii, kichwa wazi. Tumemzika. Mwenzake aliyekuwa anamfuata nimemuuliza mara mbili: njiani mlimwona mtu? Akasema hapana, njia ilikuwa tupu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, vaa helmeti, funga kamba, washa injini, na usimngoje mtu akuambie. Mimi nilisimamishwa. Yule kijana hakusimamishwa na yeyote.