Nyumba Aliyoishusha Gerlof

Gerlof Hoitsma alikuwa seremala, mrefu wa kuinama kila mlangoni, na si mtu wa maneno mengi. Baukje alimjua alipokuja kutengeneza mlango wa zizi la baba yake, huko Friesland, nchi ya baridi na mifereji. Mlango ulitengenezwa, ukakwama. Ukatengenezwa tena, ukakwama tena.

"Kijana," mzee akamwambia mwishowe, "huo mlango sasa ni mzima kuliko mimi. Sema unachotaka."

Gerlof akaiva uso hadi masikioni. "Namtaka Baukje. Kama naye ananitaka."

Baukje alikuwa nyuma yao na ndoo ya maziwa. "Anakutaka," akasema. "Haya, mlango uache sasa."

Wakaoana, wakapata binti, Wytske. Mtoto alikulia karakanani, na kila jioni Gerlof alimtoa maranda kwenye nywele mojamoja kabla ya kumrudisha kwa mama yake, akidhani mama hajui.

Wytske alikuwa msichana mkubwa Baukje alipoteleza kwenye ngazi ya dari, akaangukia mgongo. Tangu siku hiyo miguu yake haikusimama tena. Alilala hospitalini miezi mingi, na siku moja akamwambia mumewe huku ameelekeza uso ukutani:

"Nitafutie nafasi kwenye nyumba ya wazee. Sitaki kukaa jikoni kwangu kama furushi."

Gerlof alimshika mkono kidogo, akavaa koti, akaondoka. Baukje alilia sana, maana alidhani amekubali.

Wytske ndiye aliyemsimulia baadaye. Jumapili iliyofuata baba yake aliazima kiti cha magurudumu, akakaa humo mchana kutwa, magoti yamekaribia kidevu, akizunguka jikoni na penseli sikioni. Kwa kila kabati alinyoosha mkono, akaweka alama. Halafu akasita.

"Mkono wangu mrefu mno. Wytske, njoo ukae wewe. Mkono wako na wa mama yako ni urefu mmoja."

Baukje aliporudishwa nyumbani, alikuta sinki imeshuka, jiko limeshuka, makabati na vitasa vimeshuka. Hata dirisha Gerlof alilishusha, ili mkewe akiwa ameketi aone mfereji na bata wake. Baukje alijisukuma hadi kwenye jiko, akachukua birika, akapika kahawa. Gerlof akaonja.

"Kali," akasema.

"Miezi yote hii ulikuwa unakunywa kahawa gani?"

"Ya Wytske."

"Pole, mume wangu."

Wakacheka mpaka Gerlof akalazimika kutoka nje kupenga kamasi.

Jirani yao Folkert alipoingia mara ya kwanza alijigonga goti kwenye meza iliyoshushwa. "Gerlof! Umewajengea kuku jiko?"

"Mpishi akae vizuri. Wewe mlaji, pinda mgongo."

Na yeye mwenyewe aliupinda miaka yote iliyobaki, maana kuosha vyombo ilikuwa zamu yake. Usiku alijinyoosha kitandani akiguna, na Baukje akamsugua kiuno.

Uzeeni mapafu yakamchoka. Wytske alitaka awekwe hospitalini, mama yake akakataa. Baukje alimwosha, alimnyoa, alimlisha supu, akienda na kurudi baina ya jiko na kitanda bila kumwomba mtu msaada.

"Unaona?" akamwambia. "Nafika kila mahali."

"Najua," Gerlof akasema, pumzi ikikatika. "Nilipima."

Alifariki mwezi wa Februari, asubuhi, kiganja chake kikiwa shavuni pa mkewe.

Majirani walilibeba jeneza wakilizunguka kanisa mara tatu, kama ilivyo desturi ya huko kwa kila maiti. Wytske akashika kiti cha mama yake kwa nyuma.

"Niache, mwanangu. Huyu namsindikiza mwenyewe."

Katika mzunguko wa pili gurudumu lilizama kwenye kokoto. Baukje alisukuma, likakataa. Folkert, aliyekuwa kwenye pembe ya nyuma ya jeneza, alisikia kokoto zikikwaruzwa, akageuza shingo.

"Simameni," akasema kwa sauti ndogo.

Majirani wale wazee wakasimama na mzigo wao, upepo ukiwapiga, mpaka Baukje alipolichomoa gurudumu na kujifuta mikono kwenye sketi yake nyeusi.

"Haya," akasema. "Twendeni."

Sehemu iliyobaki waliitembea kwa mwendo wake.