Barua Niliyoandika Kupinga Kisima cha Wakesho

Siku ninayoikumbuka kwa aibu, mwanangu, ni ile Wakesho aliponionyesha karatasi zake za kuomba kibali cha kuchimba kisima. (Wewe ni mtoto wa dada yangu, kwa hivyo ni mwanangu, hata kama nimekupita miaka michache tu.) Tulisoma naye darasa moja hapa Mbololo. Mimi nikaenda chuo kikuu, nikarudi na digrii na kukaa bure. Yeye aliuza nyanya Voi hadi akanunua shamba linalopakana na letu. Watu wakaanza kumsalimia yeye kwanza. Hakuna salamu iliyonipita bila kuniuma.

Anayeomba kibali hutangaza nia yake, na jirani mwenye sababu ana nafasi ya kupinga. Mimi sababu sikuwa nayo, lakini hasidi hana sababu. Niliandika barua kwa ofisi ya maji, nikaifuta, nikaiandika tena, mpaka wivu wangu ukasomeka kama sheria: eti kisima chake kitakausha cha mama.

Majuma yalipita. Kisha afisa wa maji akaja na Wakesho, wakamkuta mama akipepeta pojo.

"Mama, nionyeshe kisima kitakachokaushwa."

Mama alicheka. "Kisima gani, baba? Hicho siku hizi ni cha mijusi. Mimi nangoja cha Wakesho. Amesema atanivutia mpira wa maji hadi hapa uani."

Njia ya mwongo ni fupi. Afisa alifungua faili na kusoma jina langu kwa sauti.

"Wee msomi," Wakesho akasema, "si ungeniuliza tu? Miche yangu yote imekauka nikingoja kibali."

Walipoondoka, mama hakupandisha sauti. "Tuliuza mbuzi ili usome. Kumbe ulisomea kuninyima maji."

Wakesho alipata kibali chake baadaye, na mama akapata maji. Hata leo, nikimwona Wakesho akimwagilia shamba lake, kuna kitu hunichoma. Nakuambia wewe peke yako.

Mwanangu, maji ya chini hayajui mpaka wa shamba. Ndiyo maana kuna kibali, na ndiyo maana una haki ya kupinga. Ukiwa na hofu ya kweli, itumie. Lakini kwanza vuka ua, ukaulize. Na ukiona kinachokuuma ni jina la mwombaji, weka kalamu chini.

Mungu akupe riziki yako, na akujalie kuitazama ya jirani bila kuumwa moyo.