Mtoto Niliyemsifia Kusoma

Mimi ni Mhangaza wa Nyakisasa. Kiswahili nilikipatia shuleni, tena kwa viboko, kwa hiyo nilipopewa darasa la kwanza katika shule moja ya Nyamahanga niliapa kwamba kwangu hakuna mtoto atakayejifunza kusoma huku analia.

Semina ya walimu ilitufundisha njia ya sauti. Usimwambie mtoto kwamba hii ni "em". Funga midomo uvume, mmm, naye avume. Fungua kinywa, aaa. Unganisha, ma. Ataichora herufi hewani kwa kidole, kisha mgongoni kwa mwenzake, kisha kwenye daftari. Mwisho anasimama peke yake mbele yako, anatamka sauti moja moja mpaka neno litoke. Hapo pa mwisho ndipo niliposhindwa. Darasa lilijaa hadi mlangoni, kitabu kimoja kilikuwa cha dawati zima, na kipindi hakirefuki kwa sababu watoto ni wengi. Nikawa nawasomesha wote kwa pamoja. Wakiitikia kwa nguvu, naridhika.

Miongoni mwao alikuwepo binti wa familia ya Kisukuma iliyohamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Alikuja hajui Kiswahili zaidi ya shikamoo. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anasoma kurasa nzima bila kukwama, kidole kikitembea chini ya mstari. Nilivimba kichwa, sifichi. Kwenye kikao cha wazazi nilimsimamisha asome. "Baba ana mbuzi. Mbuzi anakula majani." Mama yake, ambaye hajui hata a, alijifuta macho kwa kanga. Nikawaambia wazazi, mmeona matunda ya kazi yangu.

Nilipanda nao hadi darasa la pili. Mwisho wa mwaka huo akaja afisa elimu wa kata kuwapima kusoma, mmoja mmoja, kwenye meza iliyowekwa nje ya ofisi. Atakayeshindwa atarudia darasa. Binti yangu nilimtanguliza, nikasimama nyuma yake nimekunja mikono kama mwenye mali.

Afisa alimpa karatasi yenye maneno yasiyo na maana, ili mtoto asiweze kubahatisha: mupa, tefo, kidu. Mtoto aliitazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akasoma kwa sauti safi, "Baba ana mbuzi. Mbuzi anakula majani." Akaendelea hivyo hadi mwisho wa ukurasa wa kitabu chetu, kidole kikipita juu ya tefo na kidu bila wasiwasi wowote.

Afisa hakumkatiza. Alipomaliza alimwonyesha herufi t peke yake, akamuuliza sauti yake. Mtoto hakuijua. Akamwonyesha k. Mtoto akageuka kunitafuta kwa macho, nami nikatazama chini. Miaka miwili alikuwa ameshika kitabu chote kwa masikio, kutokana na kelele za wenzake, na mimi sikuwahi kumsikiliza akiwa peke yake na neno jipya. Niliona aibu.

Mama yake alikuja kesho yake na udongo wa shamba miguuni. Akapiga goti kunisalimia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Wanasema mwanangu atarudia dalasa la pili. Si alisoma mbele yetu, na wewe ukamsifu? Baba yake amekasilika. Anasema kama shule haimwingii, abaki achunge ndama."

Ukweli ulikuwa mdomoni kabisa. Ningesema, mama, sikumfundisha, kosa ni langu. Lakini mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na mwalimu mkuu alikuwa ndani akisikiliza.

"Anajua," nikasema. "Siku ile aliogopa tu. Mwambie baba yake mwakani atajikaza."

Alinishukuru. Ndilo linaloniuma zaidi, kwamba alinishukuru.

Baba alikubali kumpa mwaka mmoja tu. Januari alirudi darasa la pili, ambalo niliachiwa tena mimi, akakaa na watoto wadogo kuliko yeye, magoti yakigonga dawati. Siku ya kwanza nilimwita mbele peke yake, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikaandika t ubaoni. Alisimama akikunjakunja pindo la sketi, darasa zima likimtazama.

"Mwalimu, nisamehe," akasema polepole. "Mama aliniambia. Mwaka huu sitaogopa tena."

Nilikuwa na chaki mkononi, na safari hii hapakuwa na mkubwa yeyote wa kunisikia. Nikamwambia nimemsamehe.