Mishale ya Mzee Mutunga

Binamu yangu Musembi alipofuzu uanasheria mwaka 1983, sisi wa Kabati tulifurahi kupita kiasi, maana kila boma lilikuwa na kesi ya shamba. Kumbe mwenzetu alijiunga na mawakili fulani Nairobi wanaotaka mataifa makubwa yaharibu mabomu yao ya nyuklia. Nilimuuliza kama liko bomu hata moja Kitui. Akasema halipo, ila yakilipuka huko ng'ambo, mvua yetu pia itaharibika. Mvua yenyewe hatukuwa nayo.

Mimi ndiye niliyempeleka Zombe kwa Mzee Mutunga, shemasi wa kanisa na baba ya Ndinda, msichana aliyetaka kumwoa, kuomba ruhusa ya kuleta mbuzi wa ntheo. Bila mbuzi hao kwetu hakuna ndoa, hata askofu akiwafungisha. Mzee aliuliza kazi ya kijana. Badala ya kusema wakili na kunyamaza, Musembi akaeleza yote.

"Na hawa Warusi na Wamarekani, wewe ukiwaambia waache, wataacha?"

"Shida ni hiyo, mzee. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze."

Mzee alitazama podo la mishale lililoning'inia darini. Zombe nzima ilijua kwamba mishale hiyo ilipakwa sumu kwa ajili ya jirani yake Mbuvi, waliyegombania naye mpaka wa shamba tangu enzi za mkoloni. Mbuvi naye alikuwa na podo lake.

"Basi anza na hii yetu. Mbuvi akitupa yake, mimi natupa yangu. Ukishindwa, mbuzi zako zibaki Kabati."

Ndinda, aliyekuwa akitumiminia chai, aliimwaga mezani. Nilimwonea huruma sana.

Musembi alienda kwa Mbuvi. Mbuvi akataka Mutunga aanze. Akarudi kwa Mutunga, naye akataka Mbuvi aanze. Baada ya kuzunguka hivyo asubuhi nzima, alikumbuka mambo ya ofisini kwao: wasioaminiana hukaguliwa. Mzee akakubali shingo upande.

Nilishika podo, Musembi akafungua kile kingozi kinachofungwa kwenye ncha ili sumu isikauke. Chuma kilikuwa safi kama kijiko.

"Niliiosha yote nilipookoka," Mzee alinong'ona. "Lakini Mbuvi akijua, kesho ng'ombe zake ziko kwa mahindi yangu. Usimwambie, kijana yangu."

Kwa Mbuvi, vilevile safi. Mkewe alikuwa ameogopea wajukuu, akaiosha. "Mutunga asijue," Mbuvi akasema.

Musembi alisimama kwenye mpaka akitokwa na jasho. Neno moja tu lingempa mke, na alikuwa amewaahidi wote wawili kunyamaza. Nilimsihi aseme. Mjinga yule alikataa.

"Mishale ya Mbuvi ni mikali?" Mzee aliuliza tuliporudi kwake.

"Nilichoona kwake siwezi kukisema hapa, mzee. Nimeshindwa."

"Na yangu hukusema huko?"

"Sikusema."

Mzee akacheka. "Lete mbuzi. Mtu wa kutunza siri ya hii nyumba ndio nilikuwa nakosa."

Mzee alifariki mwaka 1991. Mbuvi alikuja mazishini, akasimama chini ya lile podo, akamuuliza Musembi kama sumu ile ilikuwa kali kweli. Musembi alimtazama Ndinda. Ndinda akaitikia kwa kichwa, Musembi akaushusha mshale mmoja na kuufungua.

Mbuvi alipitisha kidole kwenye ncha. Alicheka mpaka akahitaji kiti, halafu akalia.

"Na mimi nilimwogopa hivyo," akasema. "Hata ntheo ya huyu msichana sikukuja kula."